Picha Saba za Nyumba Namba Kumi na Nne

Msoma mita alikuwa na sharti moja ambalo hakulivunja kwa miaka ishirini na miwili. Haingii uwanja wa mtu, wala hanyanyui kamera mbele ya mlango wowote, kabla ya kupiga hodi mara tatu na kusubiri. Sharti hilo alilipata kazini. Idara ya maji iliwafundisha hivyo wasomaji mita wote siku ya kwanza, kwa sababu ya mbwa na kwa sababu ya heshima, na wengi walilisahau kabla mwezi haujaisha. Yeye alipiga hodi hata penye geti lililo wazi, hata penye nyumba ambayo wenyewe walihama zamani na madirisha yamepigiliwa mbao. Wenzake walimcheka.

"Unamwomba nani ruhusa humo, panya?"

"Panya nao wana kwao," aliwajibu, akaendelea kusubiri.

Hilo litajwe mwanzoni, ili asije akadhaniwa kuwa mtu mwovu. Alikuwa na adabu kuliko wengi. Adabu hiyo ilimponyoka asubuhi moja tu, kwa muda wa dakika kumi na moja.

Mtaani walimwita Bwana Mita. Alikuwa mwembamba, wa miaka hamsini na mmoja, mwenye shati la kijivu la idara na mfuko wa ngozi begani. Ndani ya mfuko mlikuwa na daftari, tochi, spana na, kwa miaka sita ya mwisho, kamera yenye stendi ya kukunja, aliyoipata kwa mpiga picha wa harusi aliyeacha kazi. Kwa kamera hiyo aliingia kwenye kundi la watu arobaini hivi, wengi wao hawajawahi kuonana uso kwa uso, wanaokutana kwenye simu. Kila Jumatatu asubuhi Mwenyekiti wao, ambaye kazi yake ilikuwa kutengeneza meno ya bandia, alitoa mada ya wiki. Wiki moja mikono, wiki nyingine kusubiri, nyingine kitu chekundu. Kila mwanachama alileta picha moja iliyopigwa wiki hiyohiyo, na Jumapili wakapiga kura. Kuongeza giza au mwanga kuliruhusiwa. Kuongeza kitu kisichokuwepo, au kufuta kilichokuwepo, kulikatazwa. Zawadi haikuwepo, isipokuwa kwamba picha ya kwanza ilikaa juu ya ukurasa wa kundi wiki nzima, watu wote waione.

Bwana Mita hakuwahi kukaa juu. Alikuwa amekuwa wa pili mara kumi na moja, mpaka kundini wakambandika jina la Wa Pili, na Mwenyekiti akitangaza matokeo alipenda kuandika, "Nafasi ya pili mwenyewe mnamjua." Bwana Mita alicheka pamoja nao. Mkewe, aliyemjua kuliko kundi, aliona kwamba kila Jumapili jioni alikula bila kuinua macho.

Mke huyo hakuwa na subira na mambo ya picha. Siku moja alimkuta mumewe amepiga magoti uani mbele ya ndoo.

"Baba watoto, hiyo ndoo imekukosea nini?"

"Nangoja kivuli kifike kwenye mpini."

"Mimi niko hapa mwaka wa ishirini na tano, hujawahi kungoja kivuli changu kifike popote."

"Wewe hutulii."

"Ndoo inatulia kwa sababu haina watu wa kuwapikia. Nipishe nichote maji."

Nyumba ya pili kutoka kwao aliishi Mama Cherehani, fundi wa nguo za wanafunzi, pamoja na baba yake mzazi. Mzee huyo aliitwa Mzee King'ora. Kwa miaka thelathini na moja kazi yake ilikuwa kuvuta mpini wa king'ora cha kiwanda cha nguo, asubuhi watu waingie, jioni watoke. Kiwanda kilifungwa. Mzee alizeeka, na kumbukumbu ikaanza kumtoka, kwanza majina ya watu, halafu siku, halafu njia ya kurudi nyumbani kutoka dukani. Alimwita binti yake mara karani, mara mama, mara "wewe dada mzuri unayenipikia".

Mada ilipokuwa mikono, Bwana Mita alikwenda kwa mzee huyo. Alipiga hodi barazani, mzee akaitikia karibu, wakasalimiana kwa kirefu kama inavyopaswa, kisha akaomba ruhusa.

"Unataka mikono tu?" mzee aliuliza. "Uso umekuchukiza?"

"Hapana, mzee wangu. Mada ni mikono."

"Basi sawa. Uso nimeutumia sana. Mikono bado ina kazi."

Vidole vyake vilikuwa vimepinda na kuvimba kwenye viungo, hata kikombe alikishika kwa viganja viwili. Picha ile ilikuwa ya pili. Bwana Mita alipiga na nyingine ya uso, ya kumpa binti yake, na ndiyo iliyokuja kubandikwa kwenye nguzo za mtaa, chini ya maneno AMEPOTEA.

Mzee alipotea Jumatano mchana, wakati binti yake akimpima mteja. Jumatatu ya wiki hiyohiyo Mwenyekiti alikuwa ametoa mada. Aliandika: "Patupu. Nataka mahali palipoachwa. Pasiwe na mtu hata mmoja."

Alhamisi asubuhi, Bwana Mita akifunga kamba za viatu, Mama Cherehani alisimama mlangoni. Bado alikuwa na futi ya kupimia shingoni, na macho yake yalikuwa yamevimba.

"Shemeji, wewe unaingia kila uwanja."

"Nimesikia, shemeji. Pole sana. Mmeshakwenda wapi?"

"Hospitali, polisi, stendi ya mabasi. Sokoni wamechoka kuniona."

"Alitoka amevaa nini?"

"Kofia yake ya kahawia, na ndala moja. Ya pili kaiacha hapo mlangoni, kama mtu anayerudi sasa hivi." Akaivuta futi shingoni. "Daktari aliniambia mtu wa hali hii hamalizi siku nyingi nje. Asipokunywa maji ndiyo basi."

"Nitaangalia kila nyumba."

"Usiangalie tu, shemeji. Piga hodi, tena kwa sauti. Jina langu alishalisahau mwaka jana, lakini hodi hajaisahau. Hata akiwa usingizini, ukipiga hodi anasema karibu. Ukimsikia tu utajua ni yeye."

"Hodi ndiyo kazi yangu."

"Najua. Ndiyo maana nimeanzia kwako kabla ya kurudi polisi."

Siku hiyo ya Alhamisi alitimiza ahadi. Aliingia nyumba sitini na tatu, na kila moja alipiga hodi mpaka watu wakatoka na sabuni usoni kuuliza kuna nini. Alichungulia mabanda ya kuku, akafungua vyoo vya nje, akashuka kwenye mtaro. Alirudi jioni sauti imemkauka. Picha hakupiga hata moja, na mkewe alipomwuliza juu ya mada ya wiki alisema, "Mada ingoje."

Ijumaa ratiba yake ilimpeleka kwenye nyumba za wafanyakazi wa kile kiwanda kilichofungwa. Zilikuwa ishirini na mbili, safu mbili zinazotazamana, nyuma ya ukuta mrefu. Watu wengi wa mtaa waliamini zilishabomolewa, kwa sababu safu ya mbele iliyokuwa ikionekana kutoka barabarani ilivunjwa miaka mingi iliyopita. Hata Mama Cherehani aliamini hivyo. Baba yake alikuwa amepewa nyumba humo alipokuwa kijana, akahama kabla binti hajazaliwa. Ni wasomaji mita, mlinzi wa getini na familia tano zilizobaki waliojua kwamba nyumba bado zimesimama.

Hapa ndipo mtu anatakiwa ajiulize. Bwana Mita alikuwa anamtafuta mzee aliyefanya kazi kiwandani, na alikuwa anaingia kwenye nyumba za kiwanda. Asingehitaji elimu kubwa kuviunganisha viwili hivyo. Lakini alipopita getini na kuona majani yaliyotoboa saruji, milango ya kijani iliyofanana yote, na kimya kilichokaa kati ya safu mbili kama maji yaliyotuama, neno lililomjia kichwani halikuwa jina la mtu. Lilikuwa patupu.

Hata hivyo alianza vizuri. Nyumba namba moja alipiga hodi, namba mbili akapiga hodi. Sauti yake iligonga kuta za upande wa pili ikamrudia, kana kwamba kuna mtu mwingine huko anayepiga hodi kwake. Alifanya hivyo mpaka namba kumi na tatu.

Mlango wa namba kumi na nne ulikuwa wazi nusu. Miezi miwili nyuma ulikuwa umefungwa.

Aliinama kwanza kwenye mita, maana ilikuwa nje, ubavuni mwa nyumba. Nyumba hiyo ilikuwa imeandikwa kwenye daftari kuwa haina mtu kwa miaka sita, lakini kile kigurudumu chekundu kidogo ndani ya kioo kilikuwa kinazunguka, polepole, kama jicho linalomfuata mtu. Alitafuta sababu akaiona. Bomba la uani halikuwa na mpini, limebaki kijiti cha chuma tu, na maji yalitiririka kama uzi. Chini yake pameloa, na tope limekanyagwakanyagwa. Mbuzi, alisema moyoni. Akatoa spana, akakikaza kile kijiti kwa nguvu zake zote mpaka uzi wa maji ukakatika na kigurudumu kikasimama. Kisha akaandika kwenye daftari, kwa mwandiko wake mzuri: 14. Haina mtu. Bomba lilivuja. Limekazwa.

Alipoinua kichwa, aliona chumba kupitia mlango ulio wazi.

Bati moja la paa lilikuwa limeng'oka, na jua la saa tatu na nusu lilishuka kupitia hapo kama nguzo, likasimama juu ya kiti kimoja cha mbao katikati ya sakafu. Kando zote za chumba zilikuwa giza. Sakafuni vumbi lilikuwa nene kama zulia, lakini kiti hakikuwa na vumbi hata kidogo. Bwana Mita aliliona hilo. Alichofikiri ni kwamba kiti kinang'aa vizuri.

Alifungua mdomo apige hodi, akaufunga.

Sababu yake ilikuwa ya mpiga picha. Juu ya mbao za paa walikuwa wamelala njiwa wapatao ishirini. Chumba kilikuwa na giza kiasi kwamba kila picha ingehitaji kamera iache jicho lake wazi sekunde nane, na njiwa mmoja tu akiruka ndani ya sekunde hizo angechora mstari mweupe katikati ya picha. Jua nalo halimngoji mtu. Baada ya dakika kumi lingekuwa limehama kwenye kiti. Aliweka stendi ya kamera kizingitini, akazuia pumzi, akaanza.

Picha ya kwanza na ya pili zilipita kimya. Ya tatu, kamera ikiwa wazi, alisikia kitu kama nguo inayoburuzwa sakafuni. Hakuuliza, kwa sababu zilibaki sekunde tano. Ya tano ngozi ya shingo ilimsisimka, akajisikia kama mtu anayetazamwa mgongoni, ingawa nyuma yake kulikuwa na uwanja mtupu na mbele yake chumba kitupu. Ya sita alisikia pumzi ya mtu, fupi, yenye mkwaruzo, akajiambia ni yake. Alipomaliza ya saba nguzo ya jua ilikuwa imeshateleza kwenye kiti na kuanza kupanda ukuta. Alikunja stendi akatoka kinyumenyume, hatua sita au saba, bila kujua kwa nini hakutaka kukipa chumba kile mgongo.

Getini alimkuta mlinzi.

"Nani kafungua namba kumi na nne?"

"Upepo huo. Huku upepo una funguo zote."

"Hujamwona mzee mmoja, kofia ya kahawia?"

"Hapa haingii mtu nisimwone, mkubwa wangu." Alisema hivyo akipikicha macho, na alama ya mkeka ikiwa bado shavuni.

Swali hilo lilimtuliza Bwana Mita. Aliona ameuliza, na aliyeulizwa amejibu.

Alasiri, akipita mbele ya Mama Cherehani, alimkuta amekaa barazani bila kazi mkononi, kitu ambacho hakikuwahi kuonekana.

"Umepita wapi leo, shemeji?"

"Upande wote wa juu, mpaka nyuma ya kiwanda."

"Umepiga hodi kote?"

"Kote," alisema.

Uongo huo ulikuwa wa neno moja, naye aliuona mdogo. Angesema, "Kote isipokuwa nyumba moja," mama yule angesimama palepale na kuvaa viatu. Kwa kuwa alisema kote, upande wote wa juu uliondolewa kwenye orodha ya mahali pa kutafuta, na kesho yake ndugu na majirani walitawanyika upande wa chini, kwenye bonde na mashamba.

Jumamosi yeye mwenyewe alikwenda nao mpaka saa sita. Mchana alifungua kompyuta ya binti yake sebuleni, akazipanga picha saba. Zilikuwa nzuri kuliko zote alizowahi kupiga. Kasoro ilikuwa moja. Katika kona ya kushoto, kati ya kabati bovu na ukuta, palikuwa na kitu kama gunia, rundo la kahawia lililoharibu utupu wa chumba. Kukifuta kulikatazwa, naye hakuwa mtu wa kuiba. Aliichagua picha ya nne kwa sababu ndani yake gunia lilikuwa chini zaidi, kisha akaongeza giza kwenye kona ile kidogokidogo, mpaka kila kitu kikawa cheusi na kiti kikabaki peke yake duniani. Hakujiuliza gunia linawezaje kuwa juu kwenye picha moja na chini kwenye nyingine.

Jumapili saa sita mchana Mwenyekiti alitangaza. Aliandika, "Leo Wa Pili ametufukuza wote." Chini yake maneno yalimiminika. Mmoja alisema anahisi baridi akiitazama. Mwingine akasema ni kama mtu ameinuka kwenye kiti sasa hivi. Wa tatu aliandika kwamba hapendi kuiangalia akiwa peke yake, kwa sababu kiti kile ni kama kinasikiliza.

Saa saba ujumbe uliingia pembeni, si kundini. Ulitoka kwa mwanachama waliyemwita Macho Manne, mama mmoja mpima ardhi mwenye miwani minene, ambaye siku hiyo alikuwa wa pili.

"Hongera kaka. Ila nimeing'arisha kidogo, na kwenye kona ya kushoto pana mtu."

"Ni gunia, dada," Bwana Mita alijibu.

"Gunia halina kisigino."

Alikaa na simu mkononi. Kama kona ilikuwa na mtu, basi picha imevunja mada, na kilele cha ukurasa si chake. Hilo ndilo aliloliona kwanza, na ni heri kulisema wazi, kwa sababu yeye mwenyewe alilikiri baadaye. Aliandika, "Kushindwa si aibu, dada yangu. Mimi nimezoea kuwa wa pili." Macho Manne hakujibu tena.

"Nani huyo anakununisha siku ya ushindi?" mkewe aliuliza.

"Mtu aliyeshindwa."

Kompyuta ilikuwa hatua nne kutoka alipoketi. Hakuifungua.

Aliifungua Jumatatu kabla ya kwenda kazini, saa kumi na mbili na nusu, na hata hapo hakuifungua kwa wema. Alitaka kuing'arisha kona, aone gunia vizuri, ampelekee Macho Manne picha yake na kumfunga mdomo. Alianza na picha ya kwanza. Akaondoa giza, akavuta mwanga mpaka ukuta ukageuka kijivu.

Lilikuwa rundo la kahawia, limeipa kamera mgongo. Picha ya pili lilikuwa vilevile. Ya tatu lilikuwa na bega. Ya nne, ile iliyoshinda, lilikuwa limeinama, na kutoka chini yake ulitoka mkono uliokita sakafuni, mkono wa mtu anayejaribu kujiinua, na nyuma ya mkono huo kisigino. Ya tano palikuwa na kofia. Ya sita palikuwa na macho.

Ya saba mzee alikuwa amegeuka kabisa. Alikuwa amekaa sakafuni na ndala moja mguuni, mkono mmoja umenyooshwa kuelekea kamera. Kwa kuwa kamera iliacha jicho lake wazi sekunde nane, na yeye hakutulia sekunde hizo, uso wake ulikuwa umevutika, na mdomo uliokuwa ukisema kitu ulikuwa shimo refu jeusi kutoka puani mpaka kidevuni. Vidole vya ule mkono tu ndivyo vilivyotulia. Vilikuwa vimepinda na kuvimba kwenye viungo.

Mkewe alikuwa amesimama nyuma yake na kikombe cha chai.

"Huyo ni Mzee," alisema, kwa sauti ya chini.

Walikimbia wote wawili. Mlinzi alifungua geti bila kuuliza, kwa jinsi alivyowaona. Mbele ya namba kumi na nne Bwana Mita alisimama, akapiga hodi mara tatu, akasubiri. Mkewe alimpita akaingia. Chumbani hamkuwa na mtu, na vumbi la sakafu lilikuwa na njia moja pana, iliyofagiliwa na mwili, kutoka kwenye kona mpaka mlangoni.

Walimkuta uani. Alikuwa amelala kifudifudi chini ya bomba, paji la uso likigusa chuma, vidole vyote kumi vikiwa vimekizunguka kile kijiti kisicho na mpini. Ngozi ya viganja ilikuwa imechubuka. Tope lilikuwa limekauka na kupasuka. Daktari aliyekuja na polisi alisema amekufa alfajiri ya siku hiyohiyo, pengine saa moja au mbili kabla hawajafika. Alisema pia sababu, ambayo hakuna aliyehitaji kuambiwa.

Polisi walichukua maelezo yake, wakayasoma, wakamrudishia kitambulisho. Hakuna kifungu cha sheria kinachomhusu mtu ambaye hakupiga hodi, na kukaza bomba linalovuja ilikuwa wajibu wake.

Wiki moja baada ya maziko alikwenda kwa Mama Cherehani na picha zote saba, zimechapwa, ndani ya bahasha. Mkewe alimwambia asizipeleke. "Unakwenda kujitua mzigo kwa kumtwika mwenzako," alisema, na huenda alisema kweli. Alikwenda. Mama Cherehani alizitandaza juu ya meza ya kushonea, moja baada ya nyingine, akazipanga sawasawa kama vipande vya kitambaa.

"Hapa alikuwa ananyanyuka," alisema, kidole kikiwa juu ya ya nne.

"Ndiyo, shemeji."

"Na hapa anakuangalia wewe."

"Ndiyo."

"Wewe ulikuwa unaangalia nini?"

"Kiti."

Alizitazama kwa muda mrefu. Nje watoto walipita wakitoka shule, wamevaa sare alizozishona yeye.

"Uliniambia kote."

Mama Cherehani aliikunja ile ya saba, akaiweka chini ya mashine, zile sita akamrudishia.

"Nenda," alisema. "Na usiniite shemeji tena."

Bwana Mita alikuwa ameshaomba picha ya nne itolewe kwenye ukurasa wa kundi. Mwenyekiti alitaka kumpa Macho Manne nafasi ya kwanza, mama huyo akakataa, akaandika kwamba aliona kisigino saa saba mchana na alipaswa kupiga simu, si kutuma ujumbe na kununa alipokejeliwa. Baada ya hapo hakuleta picha nyingine. Bwana Mita bado anasoma mita. Nyumba za kiwanda aliomba wampe mwenzake, wakampa.

Kwa picha ile alipata kura ishirini na saba na akakaa juu ya ukurasa siku moja. Mzee King'ora alikuwa hai ilipopigwa, na aliishi siku tatu kasoro saa chache baada yake, akiwa na kiu, ndani ya nyumba iliyoandikwa kwenye daftari kuwa haina mtu.